Tita ni Shangazi au Mama Mdogo?

Usiku mmoja wa mwaka juzi, tukiwa zamu katika hospitali ninayofanya kazi hapa Maskati, muuguzi mwenzangu kutoka Batangas, kusini ya Manila huko Ufilipino, alisoma ujumbe kwenye simu yake, akavuta kiti akaketi. Wodi nzima tunamwita Ate, nami nitaendelea kumwita hivyo hapa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba tita yake amefariki. Nilimshika mkono nikampa pole, kisha nikauliza jambo ambalo mtu aliyelelewa Tanga, kama nilivyolelewa mimi, huliuliza kabla hajajua kwamba anauliza: huyo tita ni dada wa baba yako, au ni dada wa mama yako? Ate alikaa kimya kidogo, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hakijawahi kuhitaji kusemwa. "Kapatid ng nanay ko," akajibu, yaani ndugu wa mama yangu, halafu akataka kujua kwa upole kwa nini ninauliza.

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu swali langu halikutoka kichwani bali lilitoka katika lugha yangu. Kwetu, kama marehemu ni dada wa baba, basi mtu amefiwa na shangazi. Kama ni mdogo wa mama, amefiwa na mama mdogo, na mama mdogo ni mama. Pole zake si zile zile, namna ya kumkalisha mfiwa msibani si ile ile, na hata maneno ya kumliwaza hubadilika. Nilikuwa natafuta mahali pa kuiweka huzuni ya mwenzangu, na lugha yake haikunipa alama niliyoizoea. Tangu usiku ule nimekuwa nikimuuliza Ate maneno ya ukoo ya Kitagalogi, nikiyaandika nyuma ya daftari langu la ratiba za zamu, na ninayoyaandika leo yametoka humo.

Kwa msomaji asiyeifahamu, Kitagalogi ni lugha ya Manila na majimbo yanayoizunguka katika kisiwa cha Luzon, na ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1937 kuwa msingi wa lugha ya taifa ya Ufilipino, lugha ambayo katiba ya mwaka 1987 inaiita Filipino. Yeyote aliyefanya kazi katika nchi za Ghuba amekwisha kuisikia, hata kama hakujua jina lake, maana wauguzi, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa majumbani kutoka Ufilipino wako kila mahali huku.

Nianze pale nilipokwama. Ndugu wa kike wa baba ni tita, na ndugu wa kike wa mama ni tita vilevile. Ndugu wa kiume wa upande wowote ni tito. Mke wa tito ni tita, mume wa tita ni tito, na rafiki wa mama anayekuja nyumbani kila wiki naye ni tita. Maneno haya yametokana na Kihispania, lugha ya watawala walioikalia Ufilipino kuanzia mwaka 1565 hadi 1898, na yapo pia tiyo na tiya, tiyuhin na tiyahin, yenye asili hiyo hiyo. Kabla ya hapo Watagalogi walikuwa na amain kwa ndugu wa kiume wa mzazi, neno lililojengwa juu ya ama, baba, na walikuwa na ale kwa ndugu wa kike. Hayo ya zamani nayo hayakuuliza upande. Amain wa kwa baba na amain wa kwa mama walikuwa amain tu, hivyo Mhispania alipoleta maneno yake hakubomoa ukuta wowote, kwa sababu ukuta haukuwapo. Nitairudia hoja hii baadaye, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Neno ale halikufa. Limetoka nyumbani likaenda mtaani, na leo hutumika kwa mwanamke mtu mzima usiyemjua jina, kwa mfano muuza mboga sokoni. Mwenzake wa kiume ataushangaza moyo wa Mswahili yeyote: ni mama. Katika Kitagalogi mama linalokatwa kooni mwishoni ni mwanamume mtu mzima usiyemfahamu, na abiria anayetaka kushuka kwenye jeepney, yale magari ya abiria yenye rangi nyingi, anaweza kumwambia dereva, "Mama, para po," simamisha tafadhali. Mara ya kwanza Ate aliponieleza nilimwomba arudie, kwa sababu masikio yangu yalikataa kumpa dereva mwenye ndevu jina hilo.

Kutokuuliza upande kunaendelea chini ya ngazi. Mtoto wa tito au tita yeyote ni pinsan, awe wa kike au wa kiume, wa kwa baba au wa kwa mama. Aliye wa karibu ni pinsang buo, pinsan kamili, na anayefuata ni pinsang makalawa, wa pili. Sisi tunafanya kazi kubwa hapo: watoto wa baba mdogo ni kaka na dada zangu bila nyongeza yoyote, watoto wa shangazi na wa mjomba wana jina lao na utani wao, na neno binamu, ambalo leo watu hulitumia kwa wote, kwa asili yake ya Kiarabu ni mtoto wa ami. Vivyo hivyo mtoto wa ndugu yako yeyote kwa Kitagalogi ni pamangkin. Mimi mtoto wa dada yangu ni mwanangu, wala sisemi hivyo kwa mapenzi tu, bali ndivyo ukoo unavyohesabu. Na mtoto wa kaka yangu ananiita shangazi, cheo chenye kazi zake siku ya harusi yake na siku ya kuzozana na baba yake. Nilipomweleza Ate haya alitulia, akahesabu kwa vidole, akasema kwamba basi sisi tuna akina mama wengi sana. Nilimwambia ndiyo.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba Kitagalogi hakiulizi kitu. Kinauliza sana, ila swali lake ni jingine: nani mkubwa?

Kaka mkubwa ni kuya, dada mkubwa ni ate, na hapo ndipo lilipotoka jina la mwenzangu. Mdogo humwita mkubwa kwa cheo hicho peke yake, au kwa cheo kinachofuatwa na jina, na kumwita kaka yako kwa jina tupu katika nyumba inayojali adabu ni utovu unaokemewa palepale. Mkubwa yeye humwita mdogo kwa jina. Katika familia zinazoshika ya zamani haikutosha kusema mkubwa, ilibidi useme mkubwa wa ngapi. Kaka wa kwanza ni kuya, wa pili ni diko, wa tatu ni sangko. Dada wa kwanza ni ate, wa pili ni ditse, wa tatu ni sanse. Mke wa kaka mkubwa ni inso na mume wa dada mkubwa ni siyaho. Ukiyasikiliza maneno haya utagundua kwamba yanahesabu ndani yake, na kweli yanahesabu, kwa sababu hayakuzaliwa Luzon. Yametoka katika Kihokkien, lugha ya Wachina wa mkoa wa Fujian waliofanya biashara Manila tangu kabla ya Wahispania, wakaoa na kuzaa huko; mtaa wa Binondo, ulioanzishwa mwaka 1594 kwa ajili ya Wachina waliobatizwa, uko Manila hadi leo. Ile di- ya diko na ditse ni mbili, na ile sa- ya sangko na sanse ni tatu. Wafilipino wengi wanajua kwamba pansit, tambi zao za sherehe, ni chakula chenye asili ya Kichina, lakini Ate hakuwahi kufikiri kwamba hata jina tunalomwitia lilipanda jahazi.

Kabla ya wageni hao Kitagalogi kilikuwa na neno kaka kwa ndugu aliyekutangulia, na bado linajulikana. Kwao linaweza kuwa la mwanamume au la mwanamke. Mfanano wake na kaka yetu umenifurahisha sana, ingawa sitaujengea hoja yoyote, kama ambavyo sitajenga hoja juu ya totoy, jina la kumwitia mtoto wa kiume, hata kama kila nikilisikia nahisi niko kwetu.

Mtoto wa kwanza ni panganay na wa mwisho ni bunso. Hapa sisi na wao tunakutana uso kwa uso, kwa sababu nasi tunao kifungua mimba na kitinda mimba, ingawa majina yetu yanatazama tumbo la mama na ya kwao yanatazama foleni ya watoto. Bunso hutumika pia kama jina la kumwitia mtu kwa mapenzi, na nimemsikia Ate akimwita hivyo mdogo wake ambaye sasa ni baba wa watoto watatu.

Neno lenyewe la ndugu ni kapatid. Watagalogi hulieleza hivi: ka- ni kiambishi cha ushirika, kile kinachosema kwamba mnashiriki jambo pamoja, na patid ni kukatika, kama kamba inavyokatika. Ndugu basi ni wale waliokatwa kutoka kwenye kamba moja, na kamba inayosemwa ni ile ya kitovu. Mimi ni muuguzi na kamba hiyo nimeikata mara nyingi kwa mkasi, kwa hiyo maelezo hayo yalinigusa kuliko yote. Kwa Kiswahili kamba ile inaitwa kiungamwana, kwa kuwa inamuunga mwana na mama yake. Lugha moja imeipa jina kabla ya mkasi, nyingine imewapa watu jina baada ya mkasi, na zote mbili zinamzungumzia mtoto yule yule aliyelala mezani akilia.

Tena kapatid halina jinsia. Ndugu yangu wa kike ni kapatid na babae, wa kiume ni kapatid na lalaki, lakini maneno hayo ya nyongeza huwekwa panapohitajika tu. Ndivyo ilivyo kwa anak, mtoto, apo, mjukuu, asawa, mume au mke, pinsan na pamangkin, biyenan, mzazi wa mwenzi wako, manugang, mume au mke wa mtoto wako. Hata kiwakilishi siya ni kama yeye yetu, hakisemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Mswahili anapumua hapo, kwa sababu nasi mtoto, mjukuu, mkwe na ndugu hatukuwagawa. Pale wanapogawa, mara nyingi ni kwa maneno ya wageni: kuya na ate ya Wachina, tito na tita ya Wahispania, na lolo na lola, babu na bibi, yaliyotokana na Kihispania pia. La asili lilikuwa nuno, na leo nuno limebaki zaidi katika ninuno, mababu waliotangulia, na katika nuno sa punso, mzee asiyeonekana anayekaa ndani ya kichuguu, ambaye mpita njia humwomba radhi kwa kusema "tabi-tabi po" ili asimkanyage akaugua. Bibi yangu naye alitukataza kuchezea kichuguu, na hakutueleza sababu.

Neno anak limesafiri mbali kuliko yote. Lipo katika Kimalay vilevile lilivyo, na limevuka bahari hii yetu hadi Bukini, kama wazee wa pwani walivyoiita Madagaska, ambako mtoto ni zanaka. Lugha ya Wamalagasi ni ndugu wa mbali wa Kitagalogi, kwa kuwa mababu zao walitoka visiwa vya huko mashariki, na walipofika upande huu wakachukua kwa Wabantu omby, ambaye ni ng'ombe, na amboa, ambaye ni mbwa, lakini jina la mtoto hawakulibadilisha.

Nyumbani kwake anak limezaa familia nzima ya maneno. Manganak ni kuzaa. Mag-anak ni wazazi na watoto wao, na kamag-anak ni jamaa. Anak sa labas, neno kwa neno mtoto wa nje, ni yule aliyezaliwa nje ya ndoa. Nilipolisikia sikuhitaji kutafsiriwa. Na katika siasa wapo Anak ng Bayan, wana wa nchi. Chama cha siri cha Katipunan, kilichoanzishwa Tondo, Manila, mwezi Julai mwaka 1892 ili kumng'oa Mhispania, kilibeba maneno hayo katika jina lake kamili, na wanachama wake waliitana ndugu. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Sisi tulipodai uhuru tulijiita wananchi, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kila mtu Tanzania, kuanzia mkulima hadi waziri, akawa ndugu. Watu wawili waliokaa mbali hivyo, kila mmoja akitafuta namna ya kumwambia mwenzake kwamba tumo pamoja, wameingia katika nyumba moja kuchukua neno.

Sasa nifike kwenye kile ninachokipenda kuliko vyote katika lugha hii. Kitagalogi kina kiambishi mag-, ambacho ukikiweka mbele ya jina la ndugu mmoja kinawataja wote wawili kwa pamoja. Ina ni mama; mag-ina ni mama na mtoto wake, wakitajwa kama kitu kimoja. Ama ni baba; mag-ama ni baba na mtoto wake. Mag-asawa ni mume na mke. Mag-lola ni bibi na mjukuu. Magkapatid ni ndugu wawili, na wakizidi wawili neno lenyewe linabadilika kuwa magkakapatid, kama ambavyo mama na watoto zaidi ya mmoja si mag-ina tena bali ni mag-iina.

Niliuona uzito wake siku moja wodini. Mwanamke wa Kifilipino alikuwa amelazwa, na binti yake, msichana wa miaka kumi hivi, alikuwa amejikunja kwenye kiti pembeni ya kitanda, mkono wake mmoja umepenya chini ya shuka ukashika vidole vya mama yake. Muuguzi mwingine wa kwao alipopita akamwambia Ate neno moja tu kwa kunong'ona, "mag-ina," na Ate akazima taa ya juu. Hakusema mgonjwa na mtoto wake, wala hakusema yupi ni yupi. Neno liliwashika wote wawili pamoja na ule mkono uliokuwa chini ya shuka.

Nilijiuliza kama sisi tuna kitu cha namna hiyo, na jibu nililipata kinywani mwangu mwenyewe, siku nilipokuwa nikimweleza mtu juu ya wasichana wawili wa Kizanzibari wanaofanya kazi maabara. "Wale ni mtu na dada yake," nilisema. Mtu na dada yake, mtu na mama yake, mtu na mumewe: huo ndio mag- wetu. Tumeusema tangu utotoni bila kuona kwamba ni kitu cha ajabu, kwamba tunamtaja mtu asiye na jina na kumfunga hapo hapo kwa mwenziwe. Hatuna kiambishi, lakini tunayo fikra, na sikuiona fikra hiyo mpaka nilipoonyeshwa ya wengine.

Ngazi za kushuka nazo wanazihesabu kwa mwili. Mtoto wa mjukuu ni apo sa tuhod, mjukuu wa gotini, na mtoto wake ni apo sa talampakan, mjukuu wa kwenye unyayo. Ate alinionyesha kwa kujigusa goti, kisha akainua mguu na kugonga soli ya kiatu chake. Nami nikamhesabia mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina, akayarudia yote manne mpaka akayashika. Ngazi za kupanda huhesabiwa vivyo hivyo, kwa hiyo baba wa babu ni lolo sa tuhod.

Kuhusu wakwe sitakaa sana. Sisi mkwe ni neno la kwenda na kurudi, mzazi wa mke wangu ni mkwe na mume wa binti yangu ni mkwe, ilhali wao wametenga biyenan na manugang. Wazazi wa pande mbili za ndoa huitana balae. Shemeji wa kiume ni bayaw na wa kike ni hipag. Na wanaume wawili waliooa mtu na dada yake, ambao kwetu ni wanyumba, neno ambalo vijana wengi wa leo hawalijui, kwao ni bilas, na bilas huwahusu pia wanawake walioolewa na ndugu wawili. Ubatizo nao umeongeza safu yake: ninong na ninang ni baba na mama wa ubatizo, mtoto wao wa ubatizo ni inaanak, anayefanywa mwana, watoto wao wa kuwazaa ni kinakapatid wake, waliofanywa ndugu, na wazazi na wasimamizi huitana kumpare na kumare. Wakati wa Krismasi watoto huzunguka kwa ninong na ninang zao kupokea zawadi, na Ate, mwenye inaanak kumi na mmoja, huanza kuweka akiba mwezi wa Agosti.

Narudi kwenye ile hoja niliyoahidi. Kila nikipiga simu nyumbani nasikia watoto wa kaka na dada zangu wakiniita anti. Wote, wa kwa kaka na wa kwa dada. Mjomba wao amekuwa anko, na baba yao mdogo amekuwa anko pia. Najua kwamba maneno hayo yamekwisha kuwa ya kwetu, yana tahajia yetu na lafudhi yetu, na mimi si mtu wa kukataa maneno ya kuazima. Lugha iliyojenga sehemu kubwa ya msamiati wake kwa biashara ya bahari haina sababu ya kuogopa mgeni. Lakini baada ya kukaa na Kitagalogi nimeona tofauti ambayo lazima niiseme. Tita alipoingia Luzon aliwakuta watu ambao tayari walimwita ndugu wa kike wa mzazi kwa neno moja, wa upande wowote. Akachukua kiti kilichokuwa wazi. Anti alipoingia kwetu alikuta viti vitatu, vya shangazi, mama mkubwa na mama mdogo, na anataka kuvikalia vyote. Mtoto anayeniita anti hajui kwamba kwa mmoja mimi ni mama na kwa mwingine ni dada wa baba mwenye haki ya kumkemea baba huyo. Siku nitakapokufa ataambiwa pole kwa kufiwa na anti, na anayempa pole hatahitaji kuuliza kitu.

Kwa hiyo nimeanza kuwarekebisha kwa simu, mmoja mmoja. Wa dada yangu nimewaambia waniite mama mdogo. Wa kaka yangu, shangazi. Mdogo kabisa, mwenye miaka minne, alisema mimi ni mrefu, siwezi kuwa mama mdogo, na ilinibidi nimweleze kwa muda kwamba udogo wenyewe ni wa kumfuata mama yake tu. Amekubali kwa shingo upande.

Nimalizie kwa ule msiba. Ate hakuweza kusafiri, kwa hiyo aliufuatilia pasiyam, usomaji wa sala kwa siku tisa, kwa njia ya simu, na usiku wa tisa aliniomba niketi naye jikoni kwenye nyumba yake. Sala zilipokwisha simu ilipita mikononi mwa watu kule Batangas, na Ate akanitambulisha kwa kila uso uliotokea: pinsan, pinsan, hipag, pamangkin. Kila mara nilitaka kuuliza kwa upande gani, nikajizuia. Mwisho ikafika kwa mvulana wa miaka saba hivi, mjukuu wa marehemu, akanitazama kwa makini kisha akamuuliza Ate jambo. Nililielewa bila msaada, kwa sababu lilikuwa na maneno mawili ninayoyajua: aniite Ate au Tita? Ate alinigeukia, akanipima kwa macho, akamjibu, "Tita."

Mvulana akasema, "Mano po, Tita," na badala ya kuuchukua mkono wangu na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama wafanyavyo kwa wakubwa, aliinua simu akaibandika kwenye paji lake, hata skrini yote ikawa nywele na ngozi. Kuna jibu la kusema hapo, kumwomba Mungu amrehemu mtoto, lakini wakati ule sikuwa nimelijifunza. Nilisema, "Marahaba."